Kigingi cha Ng'ombe wa Mama

Nilipomaliza masomo ya jioni ya ufundi umeme pale Bariadi, nilijiona naweza kuiwashia Simiyu nzima taa, kuanzia Malampaka mpaka ziwani, na umeme ukabaki. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumletea mama betri kubwa ya kubebeka, zile zenye soketi zake, ili friji ya maziwa yake isizime umeme ukikatika. Friji yenyewe kuukuu, nadhani ilizaliwa kabla yangu.

Nyuma ya betri kulikuwa na skrubu ya waya wa arthi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kitabu chake kilionya: usifunge arthi bila fundi. Nikacheka. Fundi si mimi? Darasani tulifundishwa kwamba udongo mbichi hupitisha umeme vizuri, na kiangazi kile ardhi ilikuwa ngumu, hata jembe lilikuwa linaomba radhi. Palikuwa na sehemu moja tu isiyokauka: kwenye kigingi cha chuma ambapo mama humfunga ng'ombe wake wakati wa kukamua. Mkojo wa ng'ombe ulipalowesha kila siku. Nikafunga waya wa kijani pale, nikajipongeza kwa arthi bora kuliko zote Tanzania.

Asubuhi yake, betri ikiwa inachajiwa na umeme wa nyumba huku inaendesha friji, ng'ombe alikataa kukisogelea kigingi. Mama akamvuta. Ng'ombe akarudi nyuma anatetemeka, akaipiga ndoo teke, ikaruka, naapa, juu ya paa.

"Jana jirani kasimama hapa hapa," mama akasema. "Kamsifu kiwele mara tatu. Leo unaona?"

"Mayu, kusifu tu kunaroga?"

"Nyamaza. Wewe umesomea waya, hukusomea watu. Namwendea sasa hivi, na asikanyage tena kwangu."

Jirani huyo ndiye aliyemvunia mama pamba yote mwaka aliougua. Kabla sijajibu, mama akainama, peku, miguu kwenye tope, akanyoosha mkono kwenye kigingi aifungue kamba.

"Usiguse!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nikaleta testa, bisibisi ya kupimia umeme, nikaigusisha kwenye kigingi. Taa yake ndogo ikawaka. Nikakimbia ndani kuchomoa waya wa ukutani, nikapima tena: giza. Ng'ombe akasogea, akanusa, akatulia.

Friji ilikuwa inavujisha umeme kwenye bati lake. Tundu la tatu la soketi yetu ya ukutani, la arthi, lilikuwa pambo tu, halina waya nyuma yake, basi umeme ukapita kwenye betri ukafuata waya wangu hadi miguuni kwa ng'ombe. Darasani nilijua kuuliza umeme unakwenda wapi. Nani amesimama huko, sikuuliza.

Ningeweza kunyamaza. Mama hakujua taa ile ya testa ina maana gani, na jirani angeubeba mzigo wangu mpaka kaburini.

"Mayu, jirani hana kosa. Aliyemroga ng'ombe wako ni mimi."

Akanitazama. "Na cheti unacho?"

"Ninacho."

Akakamua, akajaza kibuyu. "Mpelekee. Na umwambie mwenyewe nilichotaka kumfanyia."

Nilimwambia yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kibuyu mapajani. Akauliza kama anaruhusiwa kuja kumsifu tena yule ng'ombe.

"Njoo," nikamwambia, "ila tumngoje kwanza fundi mwenye leseni. Na kigingi cha mti."