Dada Pini na Orodha Nyeusi

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na tatu. Hapana, nasema uongo, ni ishirini na nne, maana ishirini na tatu yote baiskeli yangu ya kunolea visu ilikuwa kwa fundi. Basi mwaka huo ndipo dada yangu, fundi cherehani tuliyemwita Pini kwa kuwa pini hazimtoki mdomoni, alipopata nafasi ya kumlipa Dereva.

Dereva alikuwa mumewe. Alimwacha na binti wa miaka minne, akahamia kwa mwingine. Mtoto akavunjika mguu, daktari akataka sahihi ya baba kabla ya kumpasua. Dada akakaa kwenye benchi la hospitali siku tatu akipiga simu. Kila akipiga, namba inatumika. Siku ya nne nesi akamwazima simu yake. Ikaita mara moja tu, Dereva akapokea kwa sauti ya asali, na aliposikia ni nani akakata. Nesi akamweleza: mama, wewe umewekwa kwenye orodha nyeusi, simu yake inaikataa namba yako. Mguu ulipasuliwa umeshachelewa, ukaunga kombo.

Dada hakulia. Alimwomba nesi amfundishe namna ya kumtia mtu humo.

Akasubiri miaka kumi na minane. Binti alipochumbiwa, Dereva akasikia, akaanza kupiga. Alitaka jambo moja tu, kuwapo harusini. Dada akamtia kwenye orodha. Dereva akaazima simu ya kinyozi; kinyozi naye akaingia. Muuza mkaa akaingia. Hata muuza vifungo aliingia, na tangu hapo dada akawa anavifuata vifungo sokoni kwa miguu. Simu ya dada ilikuwa inaonyesha waliopiga wakagonga mwamba, na kila adhuhuri aliweka mkasi chini akaisoma kama mtu anayesoma barua za mchumba. "Leo kumi na saba," ananiambia, pini mdomoni. "Anakonda."

Nikamsihi amwachie Mungu. Akasema Mungu ana kazi nyingi, hii atamsaidia.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nanoa mapanga mji wa mbali, Dereva akanikuta, kichwa mvi tupu, akaniita shemeji kama zamani. Moyo wangu ni wa pamba, nikampa simu. Simu hiyo naiweka ipaze sauti, maana uzee umeniziba masikio, kwa hiyo nilisikia yote.

"Ee, kaka," dada akapokea.

"Mama mtoto, ni mimi. Usikate. Niambie siku tu, nitakaa hata nyuma kabisa."

Cherehani ikanyamaza.

"Mimi nilikaa kwenye benchi siku tatu," akasema. "Na wewe kaa hapo hapo."

Akakata. Nilipopiga mwenyewe kuomba radhi, namba inatumika. Jioni, inatumika. Kesho yake, inatumika. Nikacheka, nikasema ni hasira, zitapoa.

Harusi tuliambiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mimi mjomba ndiye wa kumshika binti mkono na kumtoa nje. Nikanunua koti. Kumbe bwana harusi aliitwa kazini mapema, siku ikarudishwa nyuma hadi Ijumaa. Ndugu wote walipigiwa simu. Walipouliza habari zangu, dada aliwaambia, "Kaka yangu nitampigia mwenyewe."

Nilifika na koti langu, nikakuta uani viti vya kukodi vimepangwa kimoja juu ya kingine, vinasubiri gari. Binti alikuwa ameshakwenda kwa mumewe. Dada akanikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniwekea mkasi wake mbele nimnolee. Nikanoa. Nikamwuliza kama Dereva aliijua siku.

"Hata mjomba hakuijua," akasema, akakata uzi kwa meno.

Nikamrudishia mkasi. Akaujaribu kwenye kipande cha kitambaa, ukapita kama kwenye maji, akarudi kwenye cherehani yake. Ndipo nikamwuliza, na nimemwuliza tena kila nikipita pale: na mimi, dada, humo orodhani utanitoa lini?