Maji Tuliyomnyima Kabwe

Maji ya kisima chetu yalikuwa na harufu ya kutu na majani yaliyooza, na mvua zilipozidi iliongezeka harufu nyingine ambayo watu wazima hawakupenda kuitaja. Kisima kilichimbwa chini kidogo ya choo cha jirani, kwa sababu hapo ndipo udongo ulipokuwa laini. Bomba la mtaa wetu wa Kikula, hapa Likasi, lilikuwa limekauka tangu kiangazi, na wanawake walichoka kulisubiri. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akichimba mawe Shinkolobwe, akirudi nyumbani Jumamosi moja baada ya kuruka mbili, kope na nywele zikiwa zimejaa vumbi. Nyumbani tulibaki na Mama, ambaye aliuza unga wa mihogo sokoni. Na Kambo, nyanya yetu mzaa baba. Na wadogo zangu wawili, Mireille wa miaka minne na Kabwe wa miaka miwili. Kabwe alikuwa ameanza tu kusema. Mimi aliniita Yaya, kama watoto wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao, na neno hilo alilisema mara nyingi kuliko maneno mengine yote aliyoyajua.

Msimu ule watoto waliharisha mtaa mzima. Ungepita asubuhi ungeona nepi na vitambaa vimeanikwa kwenye kila ua, na mahali pengine ungekuta viti vya kukodi vimepangwa nje, ukajua kwamba hapo kuna matanga. Kwetu ugonjwa uliingia siku ya Jumatatu. Kabwe aliamka amelowa, na kilichotoka tumboni mwake kilikuwa cheupe na chepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Kufikia saa nne alikuwa ameharisha mara saba, akatapika uji. Kambo alimgeuza mtoto, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akasema jambo ambalo kila mtu nyumbani mwetu alilijua kuwa ni kweli: "Musimupe mayi. Yote yenye anakunywa, njo ile inatoka. Tumbo ikauke kwanza." Hakusema kwa ukali. Alikuwa mwanamke mpole, aliyezaa tisa na kuzika wanne, na Mama alimheshimu. Mama akamfunga Kabwe kitambaa kikavu, akaomba juu yake kwa sauti, mkono kichwani mwake, kisha akavaa kwenda kuwaita wenzake wa kanisani waje kuomba pamoja naye. Kambo alikuwa ametoka kutafuta mizizi ya dawa. Mama alinisimamisha mlangoni. "Solange, umuchunge muzuri. Akiomba mayi, usimupe. Unasikia?" Nikasema nasikia.

Nilimchunga vizuri. Nasema hivi kwa sababu ndivyo nilivyojiona siku hiyo, mtoto mtiifu aliyepewa kazi ya mkubwa. Jua lilikuwa limerudi baada ya mvua na bati lilianza kulialia juu yetu kwa joto. Kabwe alilala kwenye mkeka, midomo imepasuka, macho yameingia ndani kama ya mzee. Kisha akaamka, akatambaa, yeye aliyekuwa anakimbia juzi tu, mpaka kwenye kona palipokuwa na ndoo ya maji na kikombe cha bati juu ya kifuniko. Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Hakikuwa na kitu. Akakiinua kuelekea kwangu. "Yaya, mayi," akasema. Nilikitoa mikononi mwake kidole kwa kidole, kwa kuwa alikuwa amekibana, nikakiweka juu ya kabati. Alilia, na nakumbuka nilishangaa kwamba analia lakini uso wake umekauka, hana chozi hata moja. "Yaya, mayi." Nikamwambia Mama amekataa. Nikamwimbia. Baadaye alinyamaza, nami nikadhani ni wimbo uliomtuliza.

Waombaji walikuja, wakaomba mpaka jioni, wakaenda. Asubuhi ya Jumanne Kabwe hakuweza tena kuinua shingo. Ndipo Mama alipomfunga mgongoni akaenda mbio kwenye zahanati, nami nyuma yake nikibeba vitambaa. Muuguzi, mwanamume kijana mwenye macho mekundu ya kutolala, alimvuta Kabwe ngozi ya tumbo kwa vidole, na ngozi ikabaki imesimama mkunjo, haikurudi. Akauliza, huku akitafuta mshipa, "Tangu jana amekunywa nini?" Mama akajibu upesi, akihema, kama mwanafunzi anayejua jibu: "Hapana kitu. Hata tone. Tulimuchunga muzuri." Muuguzi aliinua uso akamtazama, kisha akanitazama mimi, halafu akarudi kwenye ule mkono mdogo. Hakupata mshipa. Alijaribu mkono wa pili, mguu, kichwa. Kabwe alikufa kabla jua halijafika dirishani. Baba alipata habari kwa mtu wa pikipiki, akafika jioni kaburi likiwa limeshafunikwa.

Siku ya nne baada ya mazishi, wageni wakiwa bado wanalala ukumbini, Mireille naye akaanza kuharisha. Nilimwona Mama akisimama katikati ya chumba, kitambaa mkononi, hajui akiweke wapi. Kambo akasema tena yale yale, safari hii kwa sauti ya chini. Nilichukua kikombe nikakipeleka juu ya kabati bila kuambiwa.

Mama Odile ndiye aliyenikuta nikikiweka. Alikuwa jirani yetu, mke wa fundi wa kiwandani, Mkatoliki, na zamani aliwahi kufagia wodi ya watoto kwa miaka kadhaa. Alikuja kuleta makaa ya kupikia wageni. Alimtazama Mireille, akauliza tunampa nini. Kambo akamweleza. Mama Odile aliweka makaa chini, akatoka bila kuaga, akarudi na birika la maji aliyoyachemsha asubuhi na chupa tupu ya lita moja, iliyooshwa, pamoja na sukari, chumvi na kijiko kidogo cha chai. "Solange, njoo, weye uko na mikono safi? Osha tena." Akanifundisha kupima, mimi mwenyewe, sijui kwa nini mimi. "Sukari vijiko sita, lakini uikate juu, isifanye mulima. Chumvi nusu kijiko, basi. Ukizidisha chumvi, unamuumiza mutoto." Nikamwaga sukari, nikaanza upya. Akatikisa chupa, akaonja tone kwenye kiganja, akanipa nionje. Haikuzidi chumvi ya machozi.

Kambo alisimama mbele ya mkeka. "Mama Odile, mayi njo itamuua." Mama Odile alimjibu kwa heshima, macho chini: "Kambo, mayi iko inatoka mu mwili. Kama haturudishe, damu inakauka. Niliona batoto bengi kule hospitali." Kambo hakusogea mpaka Mama alipomshika bega akamkalisha. Kisha Mama akamgeukia Mama Odile, na akauliza polepole, neno kwa neno: "Na ule mwengine? Kama angekunywa?" Wageni walitazama chini. Mama Odile aliendelea kukoroga kikombeni maji ambayo yalikuwa yameshakorogwa. Alisema, "Tumupe kwanza huyu."

Tulimpa kijiko kimoja kimoja. Alitapika, Mama akataka kuacha, Mama Odile akasema tungoje kidogo, tuanze tena polepole zaidi. Baba, ambaye alikuwa hajarudi machimboni, alikwenda kutafuta gari la kutupeleka zahanati, na tulipanda tukiwa bado tunampa kijiko baada ya kijiko kila gari liliposimama. Alasiri, kwenye benchi la zahanati, Mireille alikojoa, kisha akalia, na machozi yakamtiririka mashavuni. Mama aliyagusa yale machozi kwa kidole. Akanikabidhi mtoto, akatoka nje, akaenda nyuma ya ukuta, na kilio alichokilia huko sijakisikia tena kwa mtu mwingine. Nilidhani ni furaha. Nilikuwa na miaka tisa.

Kambo alirudi kijijini kwao karibu na Koni mwezi ule ule, akafia huko. Nyumbani jina la Kabwe halikutajwa tena. Mimi na Mama tuliishi miaka ishirini na minne tukilikwepa, tukipishana jikoni kama watu wawili waliobeba sufuria ya moto.

Sasa nina watoto watatu na Mama anaishi kwangu. Dawa ile ya maji huuzwa kwenye pakiti katika kila famasi, redio huitangaza, na hata mwanangu wa darasa la tatu anajua kuipima. Lakini bomba bado hutoka linapotaka, na visima bado vinachimbwa karibu na vyoo. Mvua zilizopita, mpangaji wetu Naomi, msichana ambaye mumewe anachimba Kakanda, aliuguliwa na mtoto. Tulipoingia kwake alituambia shangazi yake amempigia simu, amemwonya asimpe maji. Mama, mwenye magoti mabovu, aliinama akaketi sakafuni karibu naye. "Minye nilikuwa na mutoto," akasema, "jina yake Kabwe. Aliomba mayi, nikamunyima. Alikufa na kiu." Kisha, bila kunitazama, akaongeza: "Solange alikuwa mutoto tu. Ni minye nilimutuma."

Nilikuwa nimeshika pakiti na mkasi. Nilikata, nikamimina, nikakoroga, kwa sababu mtoto wa Naomi hakuwa na muda wa kutungoja. Alipona. Kabwe angekuwa na miaka ishirini na sita. Mireille hamkumbuki, na Baba ameshafariki, kwa hiyo waliobaki kumkumbuka ni mimi na Mama. Na siku hizi, tukiwa tunakula bukari, ugali wa kwetu, sisi wawili, mmoja wetu huanza kumtaja, na mwingine haondoki.