Nani Alipanda Mti wa Kola wa Wolota

Korto Zayzay hakuzaliwa Wolota, na katika miaka aliyoishi pale hakuruhusiwa kulisahau jambo hilo. Alizaliwa kaskazini, Lofa, miongoni mwa Waloma, akaolewa hukohuko. Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika kijijini kwao alishika barabara pamoja na mumewe Zubah, akiwa na furushi la mchele kichwani na mimba changa tumboni. Kwenye kizuizi kimoja wapiganaji walimtoa Zubah katika mstari, naye Korto akaambiwa aendelee kutembea. Akaendelea. Habari ya kizuizi hicho ameisimulia mbele yangu zaidi ya mara moja, na kila mara maneno yamekuwa yale yale, bila nyongeza wala upungufu.

Wolota ni mji mdogo wa Wakpelle, katika jimbo la Bong. Mgeni haingii pale bila mwenyeji wa kumjibia, na mwenyeji wa Korto alikuwa Gorpu Tokpa, mjane mwenye ardhi aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Gorpu alimpa chumba cha nyuma na kipande cha bonde la mpunga, kisha akamwambia sharti ambalo kila mgeni huambiwa.

"Panda mpunga. Panda muhogo, panda pilipili mpaka uchoke. Mti tu ndio usipande."

"Nalijua hilo, bi mkubwa. Hata kwetu ni hivyo hivyo."

"Najua unalijua. Nakwambia ili kesho usiseme hukuambiwa."

Huko mpunga huvunwa, shamba likabaki la mwenyewe. Mti hudumu zaidi ya aliyeupanda; kwa hiyo anayechimbia mti wa kola au kakao amekwisha kutangaza, bila kufungua kinywa, kwamba ardhi ni yake.

Miezi michache baadaye mapigano yalishuka hadi Bong, na Wolota ikahama usiku na mchana. Mwana pekee wa Gorpu, Flomo, aliondoka na mkewe Nyamah kuelekea mpaka wa Guinea. Mama hakuweza kutembea. Flomo alimwahidi kwamba akiisha kumfikisha mkewe mahali salama atarudi na toroli, amsukume, kama walivyosukumwa wazee wengi wakati ule. Barabara ilifungwa nyuma yake. Kuna wanaosema ilifungwa siku iliyofuata. Wengine wanasema palikuwa na nafasi ya kurudi na hakuitumia. Mimi sikupata ushahidi wa kuamua.

Mjini walibaki wasioweza kukimbia, na Korto alikuwa mmoja wao, kwani mimba ilikuwa imefikia mwisho. Alijifungua binti juu ya kitanda cha Gorpu, naye Gorpu ndiye aliyempokea mtoto kwa mkono mmoja. Walimwita Massa. Kitovu kilipodondoka, Gorpu aliagiza aletewe mbegu ya kola, ile kokwa chungu inayotafunwa.

"Bi mkubwa, mimi mgeni hapa," Korto alisema.

"Wewe mgeni. Huyu kazaliwa kitandani kwangu. Kitovu chake kikalale wapi, barabarani?"

Korto alichimba shimo nyuma ya jiko. Gorpu, amekaa chini kwenye udongo, akaweka kitovu na mbegu kwa mkono wake wa kushoto. Mkono ule haukuwa na nguvu ya kukomba udongo. Korto alisubiri, akaona yule mzee anahangaika, akainama akafukia mwenyewe na kushindilia kwa viganja. Hakuna mtu wa tatu aliyekuwepo.

Gorpu alifariki katika mvua za mwaka uliofuata. Wakati huo waliishi kwa viazi mwitu na majani. Korto alimchimbia kaburi peke yake, hatua chache kutoka kwenye mche wa kola.

Vita vilipokwisha, serikali ya mpito ikaapishwa katika mji mkuu, Monrovia, silaha zikakusanywa, na watu wakaanza kurejea na mabati mapya vichwani. Karibu kila aliyerudi alimkuta mtu mwingine sebuleni kwake. Wolota haikuwa na hakimu. Jengo la mahakama lilikuwa kuta tupu, na hata mkuu wa mji, Mzee Yarkpawolo, alikuwa wa kukaimu mpaka uchaguzi. Mashauri yote yaliletwa kwake, chini ya paa la nyasi la baraza.

Flomo na Nyamah walirudi mapema mwaka wa uchaguzi. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Flomo alimpa Korto kuku mweupe mbele ya watu kumshukuru kwa kumzika mama yake. Nyamah, ambaye hakujaliwa mtoto, alimchukua Massa tangu wiki ya kwanza: kumwogesha, kumsuka nywele, kumlisha wali na mchuzi wa mawese kutoka kwenye sahani yake. Korto alilifurahia jambo hilo, kwani alikuwa amechoka.

Kisha Flomo akafyeka majani nyuma ya jiko, akauona mti.

"Huu nani kapanda?"

"Wa kitovu cha Massa," Korto alimjibu.

"Sikukuuliza wa nini."

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mzee Yarkpawolo.

Lorpu, kiongozi wa wanawake wa Wolota, alimfuata Korto kisimani kabla ya baraza. "Wewe sema alipanda Gorpu, basi. Atakubishia nani? Aliyekimbia?"

"Mbegu aliweka yeye, mama."

"Sasa hofu ya nini? Mti ni wake, mtoto ni wa mti, nanyi mnakaa. Mwanamke mzima unatetemeka kama umeiba mbuzi."

Korto alikwenda barazani akiamini kwamba shauri ni jepesi. Alichotaka kilikuwa kimoja: akae Wolota na mwanawe, kwani Lofa hakujua kama kumebaki hata ukuta.

Flomo alisema kwanza. Mgeni amepanda mti katika ardhi ya Tokpa wakati wenyewe hawapo. Kama yeye amefanya hivyo, kesho kila aliyelala chumba cha mtu atafanya hivyo. Wazee wengi waliitikia, maana wengi walikuwa na wageni wao majumbani.

"Alipanda mama yako," Lorpu akasema kutoka upande wa wanawake.

"Mama yangu mkono wake ulikuwa umekufa, shangazi. Uliuinua wewe?"

"Wa kulia ndio uliokufa," Korto alisema. "Wa kushoto ulikuwepo."

Watu wakacheka kidogo. Mwanamume mmoja nyuma, rika la Flomo, akatupa neno: "Mwacheni bwana mkubwa. Habari za mkono atazijuaje? Toroli lenyewe bado liko njiani."

Kicheko kilikuwa kikubwa safari hii, na Yarkpawolo hakukizima upesi. Waliokuwepo wanakubaliana kwamba Flomo alitazama ardhi mpaka kilipokwisha. Aliponena tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Sawa. Nakubali. Alipanda mama." Akamgeukia Yarkpawolo. "Basi, mzee, kama mama alipanda, kitovu kile ni cha nyumba ya Tokpa. Mtoto wa kitovu cha Tokpa hulala kwa Tokpa. Mke wangu atamlea. Huyu dada ni mgeni, tumemshukuru, malori ya kurudisha watu Lofa yanapita kila wiki. Aende kwao kwa amani. Mtoto abaki kwao."

Hakuna aliyecheka. Hoja ile haikuwa na ufa, na Lorpu alilijua hilo: yeye mwenyewe ndiye aliyeijenga kisimani. Nyamah, kwenye kona ya wanawake, alikuwa amempakata Massa, na mtoto alikuwa amelala.

Yarkpawolo akaagiza chumvi na pilipili kwenye kibakuli. Kiapo cha chumvi hakichezewi Wolota. Anayeila chumvi ile kwa uongo hutarajia tumbo lake mwenyewe limhukumu. Mzee alieleza polepole, kama mtu asiyependa anachokisema. Kama alipanda Gorpu, mti na mtoto ni wa nyumba ya Tokpa. Kama alipanda Korto, amevunja sharti la mgeni, ardhi imemfukuza, na ataondoka na kilicho chake.

"Na mtoto?" Korto aliuliza.

"Kama ulipanda wewe, kitovu kiliwekwa na mgeni. Mtoto ni wa mgeni."

"Naweza kukaa kwa namna yoyote, mzee, mimi naye?"

Yarkpawolo alimtazama Flomo. Flomo alitikisa kichwa.

"Hapana, binti yangu."

Korto alichukua chumvi na pilipili kwa vidole, akaweka ulimini. "Udongo nilifukia mimi," alisema. "Nikaushindilia kwa mikono yangu hii miwili. Mti nimepanda mimi."

"Na mbegu?" mzee mmoja akauliza.

"Mmeniuliza nani alipanda. Nimekula chumvi, nimejibu."

"Mwacheni," alisema Lorpu. Yarkpawolo akainuka, na mwenye baraza akiinuka, hakuna swali tena.

Nimemuuliza Korto kama pale alikuwa akisema kweli. Hakuona swali hilo gumu kama nilivyoliona mimi. Alisema kila neno alilolitamka lilikuwa kweli, na lile ambalo hakulitamka alikuwa amelibeba tangu hapo na bado analibeba. Hajaugua tumbo. Hilo, alisema, halimtulizi.

Alipewa ruhusa ya kuvuna mpunga uliokuwa shambani. Mila ilimtaka Flomo aung'oe mti mbele ya mashahidi. Alikwenda na panga, akasimama, akarudi. Jioni moja alikuja mlangoni kwa Korto akiwa peke yake, akakaa kwenye kizingiti.

"Mama alikuwa ananiuliza?"

"Kila asubuhi aliniambia nifungue mlango wa upande wa barabara."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hakuweza kusema."

Flomo aliinuka, akamshukuru kwa heshima zote, akaenda zake. Hakubadili neno la baraza. Watu wa Wolota humhukumu kwa hilo kwa namna mbalimbali, mimi naandika tu kwamba aliulizwa na Lorpu kwa nini, naye akajibu: "Nitamtazamaje kila siku?"

Siku Korto alipoondoka, Nyamah hakutoka chumbani. Lori liliwapita watu waliojipanga kupiga kura, mistari mirefu kwenye jua, wengine wamevaa nguo za sikukuu. Korto alikuwa amejiandikisha Wolota, na kwa kuwa lori halikusubiri, kura yake haikupigwa popote.

Lofa alimkuta kaka yake, Koiboi, hai. Koiboi akampa sehemu ya kujenga. Massa alikua pale, akajifunza Kiloma kwa lafudhi ya Kikpelle, na watoto wenzake walimwita "wa Bong" mpaka walipochoka. Yeye humwita Gorpu bibi yake. Anajua kwamba bibi amezikwa mbali, na kwamba kuna mti. Habari ya chumvi haijui.

Mwaka jana mfanyabiashara wa kola aitwaye Sumo, anayezunguka masoko ya majimbo yote mawili, alifika kwa Korto na salamu. Mti umezaa, mara ya kwanza. Nyamah ameyatunda matunda na kuyafunga kwa majani, hajayauza wala kuyala, kwa sababu kola ya kwanza huonjwa na mwenye kitovu. Anaomba mtoto aletwe, walau siku moja. Flomo, alisema Sumo, ndiye aliyemtuma.

Korto alimkaribisha Sumo chakula. Alifahamu vizuri kwamba mtoto akiionja kola ile amekubali ni wa nani, na kwamba asipoionja hatakuwa na kwao kwingine zaidi ya kiwanja cha mjomba. Amekaa na jambo hilo tangu wakati huo. Sumo hupita kila mwezi, na kila mwezi huuliza.

Nilikuwepo alipouliza mara ya mwisho.

"Sasa nikamwambie nini Nyamah, dada?"

"Mwambie barabara mbaya."

Barabara ilikuwa imechongwa upya kiangazi kile, na daraja la chuma limewekwa mtoni. Sumo alikuwa amepita juu yake asubuhi hiyo. Alinawa mikono, akashukuru kwa wali, akafunga mzigo wake.

"Haya," alisema. "Nitamwambia."