Moraa wa Mzinga na Likizo ya Kwamboka

Jeshi lilimkataa Kwamboka kwa sababu ya jino. Siku ya kuandikisha makurutu Nyamira alikimbia mbele ya wavulana wengi, akapimwa urefu, akapimwa kifua, kisha daktari akamwambia afungue mdomo. Akaona pengo upande wa chini. Ikaishia hapo. Nchi inayomfukuza uwanjani msichana wa namna hiyo kwa ajili ya pengo, halafu ikamwacha wakala ampeleke Doha kulinda mlango wa hoteli ya watu wengine, ingepaswa kuona haya. Sijaona dalili kwamba inaona.

Mimi nilimsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa nikitengeneza kompyuta Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mwaka 2014, na dada mmoja ofisini alikuwa akisikiliza simu yake na kucheka peke yake. Nikamwomba aniwekee. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ikisimulia habari za Moraa, msichana aliyepewa mzinga wa kutungulia ndege juu ya kilima kwa sababu wanaume wa mji wake walikuwa wameisha vitani.

Msimulizi alikuwa Kwamboka. Kila Ijumaa, kabla basi la kampuni halijawachukua walinzi wa zamu ya mchana, alikaa juu ya kitanda chake katika nyumba ya walinzi mtaa wa Al Mansoura na kurekodi kipande kimoja, akakituma kwenye kundi la wanawake wa nyumba yao. Wanawake wa chumbani walikisikiliza papo hapo wakipiga pasi mashati.

Mzinga wenyewe aliuona mara moja tu, kwenye maonyesho ya kilimo Kisii. Askari wa kike alimkalisha kwenye kiti cha chuma na kumwonyesha kwamba kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja huzungusha gurudumu la kuupeleka mzinga kushoto na kulia, mwingine la kuuinua na kuushusha. Wasipoelewana, risasi inakwenda kutoboa mawingu. Kwamboka hakusahau. Akampa Moraa gurudumu moja, akampa rafiki yake la pili, na kwenye kilima cha ng'ambo akamweka kijana aitwaye Reuben, mlinzi wa anga, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga simu ya waya ndege za adui zikitokea. Moraa na Reuben hawakuwahi kuonana. Walipendana kwa sauti.

Wanawake wa Mansoura walijua Reuben ni nani. Silvesta, kijana wa Webuye, alikaa chumba cha kamera katika hoteli ileile. Kila saa aliita vituo vyote kwa redio, na kila kituo kilijibu kwamba hali ni shwari. Kituo cha lango la wanawake kilijibu kwa sauti nzito kidogo, na watu wakasema hakuna hali iliyokuwa shwari kama ile.

"Nyabo," Shamira alimwambia siku moja. Shamira alikuwa Mganda, na nyabo kwao ni kama kusema dada; kitanda chake kilikuwa juu ya cha Kwamboka. "Huyu Reuben wako anamwita Moraa mara tano kwa siku kuuliza kama kuna ndege. Ndege ziko wapi?"

"Anafanya kazi yake."

"Hata mimi nataka mwanaume anayefanya kazi hivyo."

"Muulize Silvesta kama ana ndugu," Cheryl akasema kutoka kwenye ubao wa pasi, na chumba kizima kikacheka. Kwamboka hakucheka, akaficha uso kwenye kofia yake ya kazi.

Kampuni ilikataza walinzi wake kuchumbiana. Wawili hao walikuwa tayari wamekwenda mbele zaidi ya hapo. Wazee wa Silvesta walikuwa wamekubaliwa kuja kwao Kwamboka mwezi wa Desemba kupeleka posa. Kwao, vitu vya wageni havipokewi kabla binti hajaitwa mbele ya wazee wote na kuulizwa kwa kinywa chake: tupokee, tusipokee? Bila yeye hakuna shughuli. Kwa hiyo jambo moja tu lilihitajika, nalo lilikuwa kufika. Na kutoka Qatar wakati ule mfanyakazi hakutoka kwa tiketi na pasipoti peke yake. Mwajiri alitia sahihi ruhusa ya kutoka nchini, au hakutia. Mtu mzima, mwenye akili zake, aliomba ruhusa ya kwenda kwa baba yake kama mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni. Nikifikiria jambo hilo mpaka leo damu inanichemka.

Wakapanga. Silvesta aandike kwamba mama yake anaumwa. Kwamboka, wiki tofauti, aandike kwamba kuna kesi ya shamba na baba anamhitaji. Maombi yalipita kwa Henry, msimamizi wa walinzi, Mkenya mwenzao, ambaye kabla ya basi kuondoka alipita akinusa kola ya kila mlinzi na kusema, "Wewe ndiye sura ya kampuni." Henry alikubali ombi la Silvesta. Wiki mbili baadaye akakubali la Kwamboka. Yalibaki ya mandubu tu, yule mtu wa kampuni anayepeleka karatasi serikalini.

Wakati huohuo hadithi ilikuwa imefika pabaya. Moraa alikuwa na Sajini mkali, na kwa mzaha Kwamboka alimpa Sajini tabia ya kunusa kola. Wanawake walicheka mpaka pasi ikaunguza shati. Sasa walitaka Moraa na Reuben waonane. Ijumaa baada ya Ijumaa walimsumbua: watamdanganyaje Sajini? Kwamboka alijaribu homa, akajaribu daraja lililovunjika. Wakasema hapana, Sajini si mjinga. Alikuwa amechoka, basi lilikuwa likipiga honi nje, na kichwani mwake kulikuwa na hila moja tu ambayo alijua inafanya kazi. Akairekodi. Reuben akasema mama yake anaumwa. Moraa, wiki nyingine, akasema kuna kesi ya shamba.

"Hapo sawa," Cheryl akasema. "Hiyo ata Sajini hawezi kushuku."

Kipande kile kilitoka kwa Shamira kikaenda kwa rafiki yake wa Al Wukair, kutoka Al Wukair kikaenda kwa madereva, na madereva hupenda kusikiliza vitu kwa sauti kubwa.

Henry alimwita kando ya basi.

"Mwandishi wetu."

"Bosi."

"Mama yake Silvesta anaendeleaje?"

"Sijui, bosi. Silvesta namsikia kwa redio tu."

"Kwa redio tu. Na shamba lenu? Hakimu amesemaje?"

Henry akatoa simu, akabonyeza, na Moraa akaanza kuongea katikati ya uwanja, walinzi wote wakitazama viatu vyao.

"Unajua kusimulia, dada yangu, sikatai," Henry akasema. "Lakini huyo Sajini umempa pua ndefu sana. Mmoja wenu ataenda nyumbani, na hatarudi. Mwingine atamaliza mkataba."

"Niache mimi niende. Nitarudi. Tafadhali."

"Mlioomba mlikuwa wawili, na wote wawili nilikuwa nimewapa. Mliniona mjinga."

Nimewahi kuwasikia watu wakimtetea Henry, kwamba naye alikuwa na wakubwa wake. Kila mtu katika mnyororo ule alikuwa na mkubwa wake, ndiyo maana ulifunga vizuri.

Silvesta alirudishwa Kenya kabla ya mwezi kuisha. Asubuhi ile vituo viliitwa na sauti ngeni. Lango la wanawake likajibu kwamba hali ni shwari, kwa sababu ndilo jibu pekee lililoruhusiwa.

Siku ya posa ilifika. Wazee wa Webuye wakafunga safari mpaka Nyamira, na Silvesta akiwa nao. Binti alipoitwa, Silvesta akainua simu. Kwamboka alikuwa amejificha kwenye ghala la mashuka, akasema kwa nguvu kadiri alivyothubutu, "Baba, pokeeni." Baba yake mdogo, aliyekuwa akiongoza shughuli, akamwuliza yuko wapi, nani yuko naye, kwa nini ananong'ona. Kisha akawageukia wageni.

"Sauti si mtu," akasema. "Huyu anaongea kama aliyeshikwa shingo. Tukipokea leo, kesho tutajibu nini?"

Wageni walilishwa vizuri wakasindikizwa barabarani. Hakuna aliyetukanwa. Waliambiwa warudi binti akiwapo.

Kwamboka aliomba likizo mwaka uliofuata, akakataliwa, akaomba tena. Silvesta alingoja muda mrefu kuliko ambavyo watu wengi wangengoja, nasema hilo kwa haki. Kisha akapiga simu mwenyewe.

"Mama amechoka kuniona peke yangu," akasema. "Kuna msichana wa Chwele."

"Amekubali?"

"Ameulizwa juzi. Alikuwapo."

"Basi mpokee," Kwamboka akasema, akakata simu ili asisikike.

Wanawake walimwomba amalizie hadithi. Alirekodi kipande kimoja cha mwisho, kifupi, ambacho wengi hawakukipenda. Kilima cha ng'ambo kinanyamaza. Hakuna anayemwambia Moraa kama waya umekatika au mtu amekufa. Ndege zinakuja vilevile, bila kutangazwa, naye anazungusha gurudumu lake gizani akielekeza mzinga anakodhani ziko.

"Na vita?" Shamira akauliza. "Inaisha?"

"Sijui, nyabo. Moraa hakuambiwa."

Mwanzoni mwa 2017 mkataba wake ulikwisha. Mandubu alimwita ofisini, akamwekea mbele pasipoti, tiketi ya Nairobi na ruhusa ya kutoka iliyotiwa sahihi, vyote pamoja, na pembeni mkataba mpya kama angependa kuendelea. Akamwambia afikirie mpaka Jumapili. Kwamboka alisema hahitaji kufikiria, akauvuta mkataba, akaomba kalamu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi langoni.