Mzigo wa Jenerali

Wewe cheka tu. Wenzako pale Bombambili nao walicheka, mpaka walipoiona shingo yangu. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na sikuwa nimeonja hata tone la ulanzi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, watu binafsi tumeachiwa kununua mahindi. Natoka Mpitimbi, jua linazama, nasukuma baiskeli yenye gunia kupandisha kilima. Juu nikamkuta kijana amesimama njiani, kasha la mbao kichwani, jasho linamtiririka.

"Kaka, nitue," akasema.

Huku kwetu mtu akikuomba umtue, humuulizi mzigo ni wa nani. Nikalaza baiskeli, nikashika kasha. Uzito ule sijapata kuuona.

"Polepole, ni la Jenerali. Likianguka tunachapwa."

Jenerali gani tena? Mjerumani, akaniambia. Hajashindwa hata mara moja, Waingereza wanamfukuza hawamkamati. Wamevuka Ruvuma wakaenda kwa Wareno, sasa wamerudi. "Yeye anashinda, sisi tunazikana njiani." Akanyoosha kidole bondeni. "Ule moshi ni wa kwangu. Niliomba nikamsalimie mke wangu, Agata, wakaninyima. Nilimwacha na mimba. Unamjua? Amejifungua mtoto gani?"

Agata ndiye aliyemzaa bibi yangu, Skolastika, na ule moshi ulikuwa wa jiko la bibi. Baba yake bibi alikamatwa kubeba mizigo ya vita kabla hajazaliwa. Hakurudi, maiti haikuonekana, matanga hayakukaliwa. Bibi amezeeka akimngoja. Na huyu baba mtu, niamini, alikuwa mdogo kwangu.

"Wa kike," nikasema. "Na vita vilikwisha zamani."

"Jenerali je?"

"Alirudi kwao."

Akautazama ule moshi. Kisha akaachia kasha, uzito wote ukanishukia mimi shingoni. Nilipoinua uso, hapakuwa na mtu wala kasha.

Nikarudi mbio kwa bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyoa nywele, tukamkalia baba yake matanga, mtu mzima analia kama mtoto. Halafu akaniuliza, "Ulimwambia naitwa nani?"

Sikumwambia. Bibi alikipanda kile kilima kila jioni hadi miguu ilipokataa, na hakumwona. Tulimzika mwaka jana. Shingo yangu haijanyooka mpaka leo.

Kwa hiyo ukipita pale jua likizama, mtu akakuomba umtue, usijifanye hukusikia. Mtue. Halafu mwambie mtoto anaitwa Skolastika.