Kipimo Walichokifuta

Aliyechora ile nyumba ya beringi, kipuri cha chuma kinachoshika beringi ili shafti ya mashine izunguke, hakuwahi kushika tupa maishani mwake. Kona zake za ndani zilikuwa kali kama za sanduku, na kisu cha mashine kinazunguka, hakiwezi kukata kona ya namna hiyo. Kwa hiyo fundi wetu wa kukereza, mzee wa Kihaya, alilazimika kuzimalizia kwa mkono, jasho likimdondokea juu ya chuma. Mimi nilikuwa mchoraji wa vipuri katika kiwanda hicho cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Mwanza.

Siku moja aliniita.

"Binti yangu, hii kona inashika nini?"

"Haishiki kitu, mzee."

"Sasa mbona mnaniua nayo?"

Nilichora upya. Kona nikazipa mviringo. Matundu ya bolti nikayafanya ya ukubwa mmoja, yote yatobolewe upande mmoja, ili mzee asihangaike kufungua chuma na kukifunga tena. Pande zisizogusana na kitu niliacha zibaki na ukwaru wake. Kipimo kimoja tu nilikikaza, kisizidi wala kupungua hata kidogo: tundu inamokaa beringi. Pembeni niliandika kwa herufi kubwa, HAPA HAPALEGEZWI. Kazi iliyokuwa inamla mzee wiki nzima ikawa inaisha kabla ya chakula cha mchana, na beringi zilikaa kimya kama maji ya mtungini.

Likaja soko huria. Kiwanda kikauzwa, akaletwa meneja mpya. Alikigeuzageuza kile kipuri mkononi akacheka.

"Kumbe ni kitu rahisi hivi? Karakana nzima ya nini?"

Rahisi! Yaani jasho letu la kukifanya kiwe rahisi ndilo likawa sababu ya kutufukuza. Mashine ya kukereza iliuzwa kama chuma chakavu, nikiangalia. Mzee alifungasha tupa zake akapanda meli kurudi Kagera. Michoro yangu ilipelekwa kwa mafundi wa mtaani, watengeneze wao vipuri.

Msimu uliofuata wakulima walileta pamba kama kawaida, wengine kwa kivuko kutoka Sengerema, mjomba wangu akiwamo. Mashine hazikufika mbali. Beringi zilicheza ndani ya matundu, shafti zikapinda, kiwanda kikasimama. Pamba ilirundikwa nje, na mvua ikaikuta hapo.

Nikaitwa kutoka nyumbani. Meneja alinitupia mchoro mezani mbele ya wakubwa wenzake.

"Huu ni mchoro wako. Umetuharibia msimu."

Niliutazama. Maandishi yangu ya pembeni hayakuwepo. Kipimo cha tundu kilikuwa kimefutwa, kikaandikwa kingine, kilegevu.

"Nani amefuta hapa?"

"Kile kilikuwa kinaongeza gharama," alisema bila haya. "Na wewe mwenyewe ulilegeza vingine vyote."

"Nililegeza vingine ili hiki kikazwe!" Nilipiga meza hadi vikombe vya chai vikaruka. "Kurahisisha ni kujua pa kuacha na pa kushika. Wewe umefuta tu, kama mtoto aliyeokota kifutio!"

"Mama, punguza jazba."

Hakuna aliyenitetea. Waliandika kwamba mchoro ulikuwa mbovu, wakaagiza nyumba za beringi kutoka nje ya nchi. Zilipofika zilikuwa na kona kali zilezile.

Mjomba nilimkuta getini. Pamba yake ilikuwa imelowa, wakaipokea kama fifi, daraja la chini. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo.

"Wanasema kosa ni lako," alisema.

"Si langu, mjomba." Nikamweleza yote, hadi lile tundu.

Alisikiliza huku akikunja magunia yake matupu.

"Na huyo aliyefuta, bado yuko kazini?"

"Yuko."

Alitema mate chini, akaweka magunia begani, akashika njia ya kivukoni. Nilibaki pale getini. Miaka imepita, na hasira ile sijaipunguza hata kidogo.