Pipa la Mwisho la Royston Hadfield

Jumatatu ile asubuhi nilikuwa jikoni mwa kanisa letu, naosha vikombe vya chai ya Jumapili, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Nilikausha mkono mmoja nikapokea.

"Dada Avril? Ni Craig hapa, wa Noleo."

Craig Ollerenshaw ndiye mwenye Baa ya Noleo, kando ya mto, chini ya viwanda vya zamani vya visu hapa Sheffield. Kaka yangu Royston alimfanyia kazi. Alikuwa hajawahi kunipigia simu hata siku moja.

"Roy ametutoka, dada. Nimemkuta chini kwenye mapipa, amekaa juu ya kreti, kichwa kimeegemea ukuta. Watu wa ambulensi wanasema ni moyo."

Nilivuta kiti nikakaa.

"Pole sana. Huku sote tunalia. Sasa dada, samahani kukuuliza wakati kama huu... lile pipa la mwisho upande wa kushoto, hakukuambia linafunguliwa lini?"

Nilikata simu. Nayaandika maneno yake jinsi alivyoyatamka, ili ijulikane niliishi na watu wa namna gani juma lile.

Kaka yangu alinizidi miaka minne. Alipotoka shule aliingia kiwanda cha kunoa visu kama baba yetu, akainamia jiwe miaka kumi na miwili, hadi kiwanda kilipofungwa na kila mtu akapewa mkono wa kwaheri. Noleo ikamchukua, enzi za mwenye baa wa kwanza, akashuka chumba cha chini ya ardhi kutunza mapipa ya bia. Alikaa huko miaka thelathini na minne. Mimi niliapa kanisani nikiwa na miaka kumi na mmoja kwamba kileo hakitagusa midomo yangu, na hakijagusa. Kwa hiyo nasema wazi: kazi yake niliidharau. Yeye sikumdharau. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwangu kula nyama ya kuoka na viazi, amenyoa, amevaa tai, na mezani hakuwa na hadithi nyingine ila mapipa.

Ndivyo nilivyojua, bila kutaka, kwamba bia ile ya pipa haijafa inapoletwa. Hamira bado inafanya kazi ndani. Pipa linalazwa juu ya magogo mawili na haliguswi tena. Unapigilia kigingi laini tunduni ili lipumue, povu litoke. Likitulia unaweka kigingi kigumu, unangoja. Mashapo yote yanashuka tumboni mwa pipa, na bia inabaki safi kama chai bila maziwa. Ukiwa na haraka umeiua. Roy alikuwa akionja kijiko kimoja, anatema. Sikumwona amelewa hata mara moja, jambo ambalo siwezi kusema juu ya wale waliomsifu.

Hao waliomsifu nao niwaeleze. Ni wanaume wenye ndevu na vijidaftari, wanaotembea mji mzima kutoka baa hadi baa, wananusa bilauri kama mbwa kwenye nguzo, kisha wanaandika kwamba bia ina harufu ya majani makavu na ngozi ya tandiko. Watu wazima, wana wake nyumbani. Mkubwa wao ni Bwana Lockwood Pym, anayekuja kwa treni kutoka London kuandika kitabu cha baa bora za miji. Mwaka jana aliitaja Noleo kuwa ya kwanza hapa kwetu kwa bia, kwa pai za nyama na kwa muziki wa Alhamisi. Picha ilikuwa ya Craig, ametabasamu katikati ya mapipa, mahali ambapo hashuki bila kugonga kichwa. Jina la kaka yangu halikuwamo. Nilipomwonyesha Roy alicheka tu, akaomba mchuzi zaidi.

Jumanne walikuja nyumbani kwangu, Craig na huyo Pym. Sikuwapa chai.

"Tumefikiria hivi, dada," Craig alianza. "Ijumaa jeneza lipite pale baa. Liwekwe ukumbini, bendi ipige, watu wale pai, wanywe lile pipa lake la mwisho. Ndiyo nyumbani kwake pale."

"Nyumbani kwake ni barabara ya pili kutoka hapa. Funguo ninazo."

"Mama, ni heshima," Pym akaingilia, kwa sauti ya kusoma matangazo. "Mashabiki watatoka miji mingine. Itakuwa kama ibada."

"Kama ibada ipi?"

"Samahani?"

"Umesema kama ibada. Mimi naijua moja tu. Ijumaa saa tano kaka yangu anaagwa kanisani alikobatizwa, anazikwa na baba na mama. Ndivyo alivyotaka, aliniambia akiwa na akili zake. Jeneza lake haliingii kwenye baa, nalinda hilo hata mkiniletea polisi."

Craig alikuna shingo. "Basi pipa angalau. Watu wanataka kumuaga kwa pipa."

Nilifikiri. Ile ilikuwa kazi ya mikono ya Roy, ya mwisho, na si haki yangu kuimwaga kwa sababu ya kiapo changu. Jumapili mezani alikuwa amenieleza habari za bia ile nyeusi: ina kiburi, inataka juma zima tangu Ijumaa alipoilaza.

"Lifungueni Ijumaa jioni, tukishamzika," nikasema. "Si kabla. Na lisisogezwe hata upana wa kidole. Umesikia, Craig?"

"Nimesikia, dada."

"Rudia."

"Ijumaa jioni. Lisisogezwe."

Alhamisi mchana nilikwenda Noleo kuchukua koti la Roy na viatu vyake vizuri, maana alikuwa akiviacha huko na nilitaka azikwe navyo. Nilisikia fidla tangu nje. Mlangoni kulikuwa na ubao wa chaki: NJOO ONJA PIPA LA MWISHO LA ROY. Ndani walijaa kama kuku sokoni, kila mmoja na bilauri. Na pipa lenyewe liko juu ya kaunta, limevishwa utepe mweusi, taa ya picha inalimulika.

Craig aliniona akaja mbio. "Dada, usikasirike. Bwana Pym treni yake ni leo saa kumi. Ikabidi tuwahi kidogo."

"Nani amelipandisha huku?"

"Vijana wanne. Taratibu kabisa. Chini hakuna mwanga wa kupiga picha."

Pym alikuwa amefumba macho, pua imo ndani ya bilauri. "Asili tupu," akawaambia waliomzunguka. "Nzito, haina mapambo. Ni Roy mwenyewe huyu."

Wakaitikia, mh, mh, ndiyo Roy huyu. Mmoja alifuta machozi.

Nilichukua bilauri iliyokuwa karibu nikaenda nayo dirishani. Niliweka vidole vyangu nyuma yake. Bia nyeusi ya Roy, ukiishika hivyo, pembeni ina wekundu na unaona vivuli vya vidole. Alinichorea jambo hilo kwenye kitambaa cha meza. Mimi sikuona kitu. Ilikuwa kama maji ya mtaro.

"Hii imetibuka," nikasema. Mpiga fidla alikuwa kati ya nyimbo mbili, kwa hiyo kila mtu alisikia. "Mmelibeba pipa ngazi nzima mkalitikisa, mnakunywa mashapo. Roy angeimwaga choo cha nje."

Pym alitabasamu, kwa upole wa kumtuliza mgonjwa. "Mama, kwa heshima zote, wewe si hunywi? Utajuaje?"

"Nimemlisha anayejua miaka thelathini na minne. Wewe umeinywa miaka mingapi?"

Mtu akacheka kwa nguvu pembeni. Alikuwa Walter Staniforth, mzee aliyenoa visu pamoja na Roy kiwandani, bilauri yake imejaa, haijapunguzwa.

"Kamaliza kazi bibie!" akasema. "Hata mbuzi wangu haigusi. Tangu saa sita naitazama."

"Na ulinyamaza kwa nini, Walter?"

"Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu."

"Heshima gani hiyo, kuwaacha wamtukane mbele yako?"

Aliiweka bilauri yake mezani. Wengine walianza kushusha bilauri kimyakimya juu ya meza, na wale waliokuwa wamesifu zaidi ndio waliozisukuma mbali zaidi. Dakika tano nyuma walikuwa wanalia kwa utamu. Sijapata kuona watu wakibadili imani upesi namna ile.

Nilimwambia Craig afute jina la kaka yangu kwenye ubao. Alisema atafuta baadaye. Nilichukua kitambaa cha kaunta nikafuta mwenyewe, nikachukua koti na viatu, nikatoka. Nilimwogopa Mungu nikamwomba anisamehe hasira ile, lakini sikurudi kuwaomba radhi wao. Pym baadaye aliandika kwamba hajawahi kunywa bia bora kuliko ya siku ile.

Ijumaa tulimuaga Royston saa tano. Tulikuwa kumi na wawili kanisani, pamoja na mchungaji wetu Eunice na mpiga kinanda. Mashabiki wa miji mingine hawakufika. Hapakuwa na kitu cha kunywa. Craig alituma maua yaliyofungwa kwa umbo la bilauri, nikayaacha barazani. Walter alikuja, amevaa suti iliyombana, akaketi nyuma peke yake.

Mchungaji alisema Roy alizaliwa mtaa huu, alifanya kazi mbili na zote kwa uangalifu, na hakuoa. Tuliimba mara mbili, sauti zilikuwa chache lakini tulifika mwisho. Kisha gari likatupeleka makaburini juu ya kilima. Mvua ilikuwa imekatika. Wabebaji walikuwa watano na hawakutosha, Walter akaja mbele akashika kona ya sita bila kuulizwa. Walimshusha kwa kamba, upande wa kushoto wa mama. Mchungaji alisali. Nilitupa udongo kwa mkono, Walter akatupa, wengine wakafuata. Nilimwambia kaka yangu alale salama, nikasimama pale mpaka wachimbaji walipomaliza kufukia.